HAKI YA KUNYAMAZA NA MALI ISIYOELEZEKA

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa jumuiya yetu baada ya sala ya alasiri, kabla ya futari, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Mtoa mada ni mwanafunzi wa sheria wa chuo kikuu.)

 



Ndugu mwenyekiti aliponipigia simu kunitaka nizungumze leo, aliniambia nichague mada yoyote ya sheria, ila isiwe ya kuwalaza watu kabla ya futari. Nikamwambia sawa. Basi ukimwona mwenzako asinzia, mguse kwa upole, manake haya nitakayoyasema yamemfika mtu wa nyumbani kwetu, na mie mwenyewe nilikosea ndani yake.

Nianze na kisa hicho. Mwenyewe ameniruhusu nikisimulie kwa sharti nisimtaje jina wala mtaa, na kesi yenyewe sasa imekwisha. Ni mtoto wa ami yangu, tumelelewa nyumba moja, tumekula sinia moja. Akiwa chuoni, karo ikamshinda. Kuna mtu walijuana barazani, mtu wa maneno matamu na viatu vya bei. Akamwambia: "Nipe namba ya akaunti yako ya benki. Zitaingia pesa zangu za biashara, wewe utoe unikabidhi. Kila zikiingia, elfu tatu zako." Ndugu yangu hakuuliza ni biashara gani. Pesa ziliingia mara nane, jumla shilingi 740,000. Akala elfu tatu zake mara nane, yaani 24,000, akalipia karo.

Siku moja akaenda kutoa, akaambiwa akaunti imefungwa kwa amri ya mahakama. Ndani yake mna shilingi 131,000. Na hapo ndipo pana uchungu: katika hizo, 90,000 ni za mamake. Mama hana akaunti. Yeye na wanawake wenzake wapata kumi na tano wana mchezo wao, kila mmoja atoa elfu sita kwa mwezi, na zamu yake ilipofika akamwambia mwanawe, "Niwekee huko benki, nyumbani zitaniishia." Zilizobaki, 41,000, ni za yule mtu wa viatu.

Zile pesa zilikuwa za nani? Baadaye tukajua. Zilikuwa za mzee mmoja mstaafu wa bara, aliyeuziwa ploti ambayo haiko. Alitoa kiinua mgongo chake chote.

Ndugu yangu akanijia usiku, mikono yatetemeka. Akaniuliza: "Wewe wasoma sheria. Nikinyamaza, si nina haki?" Nami, mwanafunzi wa mwaka wa pili, kifua mbele, nikamjibu: "Nyamaza kimya. Katiba yakulinda. Usijibu barua yoyote."

Jawabu langu lilikuwa nusu sahihi na nusu makosa, na ile nusu ya makosa nusura impotezee mamake pesa za mchezo. Leo nataka kuwaeleza zile nusu mbili, ili asiwepo kijana mwingine atakayepewa jawabu kama langu.

NUSU YA KWANZA: HAKI YA KUNYAMAZA

Haki hii ni ya kweli, na ilinunuliwa kwa ngozi za watu. Zamani kule Uingereza kulikuwa na mahakama iliyoitwa Star Chamber. Mtu aliletwa mbele yake, akaapishwa kwamba atajibu kila atakachoulizwa, kabla hata hajaambiwa anashtakiwa nini. Akisema kweli, amejifunga. Akisema uwongo, amevunja kiapo. Akikataa kuapa, anaadhibiwa kwa kukataa. Mwaka 1637 kijana mmoja aitwaye John Lilburne alikamatwa kwa mambo ya vitabu vilivyochapishwa bila ruhusa, akakataa kula kiapo kile. Mwaka 1638 akachapwa viboko njia nzima hadi Westminster, kisha akasimamishwa hadharani kichwa na mikono vimebanwa kwenye mbao. Hakuapa. Mwaka 1641 Bunge likaifuta mahakama ile.

Sisi hapa Kenya tuna Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 49 chasema kwamba mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa na kwamba ana haki ya kunyamaza, na aelezwe kitakachofuata asiponyamaza. Hicho hicho chasema asilazimishwe kukiri jambo litakalotumiwa dhidi yake. Kifungu cha 50 chasema mshtakiwa ana haki ya kunyamaza wakati wa kesi, na haki ya kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Na Kifungu cha 25 kimeiweka haki ya kesi ya uadilifu katika zile haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Tena kuna Sheria ya Ushahidi, kipengele cha 25A. Kukiri kosa hakukubaliwi mahakamani mpaka kuwe kumefanywa mbele ya jaji, au hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachokubaliwa na sheria ambaye siye anayepeleleza kesi hiyo, na kuwe na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kwa hivyo yule askari anayekwambia usiku wa manane, "Tia sahihi hapa tumalize mambo, ukalale kwenu," karatasi yake hiyo haina uzito wa kukiri. Lijueni hili, na waambieni wadogo zenu.

Nasi tuliosoma madrasa twalijua kutoka mlango mwingine. Walimu wetu walitufundisha kwamba kukiri kwa kulazimishwa hakuhesabiwi. Na kisa cha Maiz bin Malik twakijua: alikuja mwenyewe, kwa hiari yake, kukiri kosa lake, na Mtume swallallahu alayhi wasallam akampa uso upande mwingine, mara baada ya mara, akauliza kama mtu huyu ana wazimu. Mtu ambaye anakiri kwa kupenda kwake anageuziwa uso! Seuze aliyetolewa maneno kwa kupigwa?

Basi nilipomwambia ndugu yangu asitoe maelezo polisi bila wakili, hapo nilisema sawa. Kosa langu liko mbele.

NUSU YA PILI: KESI DHIDI YA MALI

Nyinyi mlioko nyuma mwanisikia? Haya.

Watu wengi hudhani serikali haiwezi kugusa mali ya mtu mpaka imshtaki, imtie hatiani, afungwe. Hiyo ni njia moja, na iko. Lakini kuna njia ya pili, ambayo haimhitaji mtu kufungwa wala hata kushtakiwa. Katika njia hii kesi ni dhidi ya mali yenyewe. Nyumba, gari au akaunti ndiyo "mshtakiwa", na wewe ni mtu anayekuja kusema, "Hii ina haki yangu ndani yake."

Sheria yake kubwa ni ile ya mapato ya uhalifu na utakasaji wa fedha, iliyopitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika 2010. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Shirika la Kurejesha Mali. Kazi yaenda hivi. Shirika laenda Mahakama Kuu, mara nyingi bila wewe kuitwa, na kuomba mali izuiwe isihamishwe. Amri hiyo hudumu siku 90, isipokuwa kama ndani ya siku hizo limeshaletwa ombi la kutaka mali itwaliwe. Likija ombi hilo, ndipo wenye kudai wasikizwe.

Sasa sikizeni tofauti. Katika kesi ya jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe bila kuacha shaka ya maana. Katika kesi ya mali, jaji hupima tu upande upi una uzito zaidi, kama mizani ya dukani: ikiinama kidogo, imeinama. Na sheria yenyewe yasema kwamba amri ya kutwaa mali haibatiliki kwa sababu ya matokeo ya kesi ya jinai. Mtu aweza kuachiliwa na hakimu asubuhi, na nyumba yake ikenda jioni.

Tena kuna Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003. Kipengele cha 26 chaipa Tume uwezo wa kumwandikia mtu anayeshukiwa, kwa sababu za maana, kuwa ni fisadi, aorodheshe mali yake kwa maandishi: aliipata lini, na kwa njia gani, kwa kununua, kwa kupewa au kwa kurithi. Kutojibu ni kosa lenyewe. Na kipengele cha 55 chahusu mali isiyoelezeka, yaani mali iliyozidi kipato kinachojulikana. Tume ikithibitisha kuzidi huko, mtu hutakiwa aeleze. Asiporidhisha mahakama, huamriwa alipe serikali thamani yake.

Na mtu akisema, "Mali yangu inalindwa na Katiba," ni kweli, Kifungu cha 40. Lakini kisome mpaka mwisho. Kifungu cha 40(6) chasema ulinzi huo haufiki kwenye mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria.

Mwaona sasa kosa langu lilipo? Nilimwambia ndugu yangu anyamaze, nikidhani kimya ni ngao ya kila kitu. Lakini kimya chaukinga mwili wa mtu. Akaunti haina mdomo. Asipotokea mtu kuisemea, jaji anabaki na maneno ya upande mmoja, na mizani yainama. Zile 90,000 za mama wa watu zilikuwa zinakwenda pamoja na zile 41,000 za wizi kwa sababu ya ushauri wangu.

PALE NUSU MBILI ZINAPOGONGANA

Hapa ndipo penye swali zito, na wanasheria wakubwa wamelibishania. Ikiwa nina haki ya kukataa kujitia hatiani, yawezekanaje serikali iniambie, "Eleza umepata wapi nyumba hii, la sivyo twaichukua"? Si ni kunifinya nijisemee?

Mahakama zetu zimejibu. Iko kesi ya Stanley Mombo Amuti, aliyekuwa mkuu wa fedha katika shirika la serikali la maji. Mahakama Kuu ilimwamuru alipe zaidi ya shilingi milioni 41 kwa mali isiyoelezeka. Akakata rufaa, akisema pamoja na mengine kwamba haki zake za kikatiba zimevunjwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ikamkatalia. Majaji walisema, kwa ufupi wangu, kwamba kutakiwa kueleza mali si kutakiwa kueleza kwamba huna hatia. Kudhaniwa huna hatia kunabaki palepale, na notisi ya kueleza mali haiwezi kukuondoa. Swali lililoulizwa ni la mali.

Wengine wataridhika na jawabu hilo. Mie laniridhisha nusu, na nitawaambia kwa nini. Chukua mtu ameandikiwa, akajibu kwa kuogopa kunyang'anywa nyumba, akasema, "Pesa hizi nilipewa na fulani kwa kazi fulani." Kesho maneno yale yale yakatolewa katika kesi ya jinai kumfunga. Hapo ile haki ya kunyamaza itakuwa imeibiwa kwa mlango wa nyuma.

Jambo hili lilimtokea Mwingereza mmoja, Ernest Saunders, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Guinness. Mwaka 1986 kampuni yake ilinunua kampuni nyingine kubwa, na wakaguzi wa serikali wakaja kuchunguza jinsi bei ya hisa ilivyopandishwa. Sheria ya makampuni ilimlazimisha ajibu maswali yao. Akajibu. Halafu majibu yale yakasomwa mbele ya baraza la mahakama katika kesi ya jinai, na mwaka 1990 akafungwa. Akaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 17 Desemba 1996 majaji wakasema hakutendewa haki: wakaguzi walikuwa na kazi yao ya kuuliza, lakini majibu aliyolazimishwa kuyatoa hayakupasa kutumiwa kumtia hatiani. Baada ya hapo Uingereza ikabadilisha sheria yake.

Wakajifunza. Mwaka 2018 walipoanza kutumia amri mpya ya kumtaka mtu aeleze utajiri wake, waliweka ndani ya sheria yenyewe kwamba maelezo hayo hayatatumiwa dhidi ya mtoaji katika kesi ya jinai, ila kwa mambo machache kama vile kusema uwongo. Wa kwanza kupewa amri hiyo alikuwa bibi mmoja kutoka Azerbaijan, Zamira Hajiyeva, ambaye mumewe alikuwa mkuu wa benki ya serikali na akafungwa kwao. Bibi huyu alikuwa ametumia zaidi ya pauni milioni 16 katika duka moja tu, Harrods. Alipinga, akitaja haki ya kutojitia hatiani, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya kule ikamkatalia.

Hivyo msimamo wangu mie, na nyinyi mna ruhusa ya kunipinga, ni huu: serikali ina haki ya kuuliza mali imetoka wapi, hasa kwa mtu aliyeshika fedha za umma. Lakini jawabu lililotolewa kwa kulazimishwa likae katika kesi ya mali, lisivuke kwenda kumfunga mtu. Kwetu, mlango wa kudai hivyo uko katika Kifungu cha 50(4), kinachosema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utupwe ikiwa kuukubali kutaiharibu kesi au kudhuru uadilifu. Wakili mzuri ataugonga mlango huo.

"KWA NINI HUKUKAA NYUMBANI KWA BABAKO?"

Kuuliza mali imetoka wapi si jambo lililoletwa na Wazungu, na nyote mwakijua kisa cha Ibn al-Lutbiyya. Alitumwa kukusanya zaka. Aliporudi akagawanya alivyoleta mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume swallallahu alayhi wasallam akapanda mimbari akauliza, kwa maana yake, mbona mtu huyu hakukaa nyumbani kwa babake na mamake tuone kama zawadi hizo zingemfuata?

Hebu litafakarini swali hilo. Halikumtaka akiri wizi. Lilitazama mali na kazi, likauliza kama vingekuwepo hivi bila ile. Hilo ndilo swali la kipengele cha 55.

Na Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, wanahistoria wamepokea kwamba alikuwa akiandika mali ya magavana wake anapowateua, ili ajue kilichozidi wanaporudi. Abu Hurayra, radhi za Allah ziwe juu yake, aliporudi kutoka Bahrain na mali, aliulizwa. Akaeleza: farasi waliozaana, na posho zilizofuatana. Imepokewa kwamba iliangaliwa ikaonekana ni kama alivyosema. Na alipotakwa tena kazi baadaye, akakataa. Mtu mwema aliulizwa, akajibu, na bado lilimuuma. Kwa hivyo anayeuliza naye awe na adabu, manake kuulizwa peke yake kwaumiza.

SISI NA KARATASI

Sasa nije kwetu, manake hapa ndipo ninapoogopa.

Fisadi mkubwa ana mhasibu. Ana risiti ya kila kitu, hata ya vile ambavyo hakununua. Akiulizwa ataleta mafaili ya kujaza mkokoteni. Lakini babu yangu mie na wewe? Nyumba imejengwa juu ya ardhi isiyo na hati. Shamba la mirathi halijagawanywa tangu kufa kwa bibi, na wenye haki ni watu thelathini, wawili wako Maskati. Pesa za harusi zimetoka kwa wajomba, kila mmoja ametia mkononi. Mchezo ni wa kuaminiana. Deni ni la barazani, shahidi ni kahawa. Siku tukiulizwa "umepata wapi?", twajibu kweli tupu, na hatuna hata kipande cha karatasi.

Na ajabu ni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani nzima, ndani ya Suratul Baqara, ni ya kuandika deni. Twaihifadhi kwa tajwid nzuri, halafu twakopeshana kwa kutikisa kichwa.

Alhamdulillah, wanawake wetu ni bora kuliko sisi. Mama wa ndugu yangu aliposikia mambo, hakulia. Aliingia ndani akatoka na daftari la mchezo, lile la kurasa 48 la watoto wa shule. Limeandikwa majina kumi na tano, tarehe, na alama ya kila aliyetoa. Zamu yake imo, 90,000, na tarehe yake ni siku moja kabla ya pesa kuingia benki. Tukapata wakili aliyekubali kulipwa kidogo kidogo. Wakili alinitazama, akaniuliza ni nani aliyetoa ushauri wa kunyamaza. Nikatazama chini.

Akatengeneza mambo mawili mbalimbali. Polisi, ndugu yangu hakutoa neno bila wakili kuwepo. Mahakamani, mama aliapa hati ya kiapo yake mwenyewe kuhusu 90,000 zake, na wenzake wanne wakaapa pia. Sheria ina nafasi hiyo, ya mtu mwenye haki safi kuomba fungu lake litolewe. Zile 41,000 hatukuzidai, na tungezidai kwa uso gani?

Fungu la mama lilirudi. Mwenye viatu alikamatwa, na ndugu yangu akawa shahidi.

Likabaki jambo moja, nalo lilimkosesha usingizi zaidi ya kesi. Zile 24,000 alizokula. Alitaka kuzirudisha kwa yule mzee siku ile ile, kwa sababu alifunzwa kama mlivyofunzwa nyote kwamba toba ya haki ya mja haitimii mpaka haki irudi. Wakili akamwambia ngoja kwanza, ukimpelekea sasa kwa mkono wako umeshakiri kabla kesi haijajulikana mwisho wake. Ikawa toba yamvuta huku na sheria yamvuta kule. Tukaenda kwa mwalimu wetu. Akatuambia kwamba haki lazima imfikie mwenyewe, lakini si sharti anayerudisha ajitangaze. Ikifika kwa njia yoyote, imefika. Basi akawa akiuza viazi karai jioni, akiweka kidogo kidogo kwa mamake, akiandika katika daftari lile lile, ukurasa wa mwisho. Kesi ilipokwisha zilikuwa zimetimia. Zikapelekwa kupitia kwa wakili. Mzee akazipokea, akauliza tu huyu kijana amemaliza masomo?

MAMBO YA KUSHIKA

Nafupisha, adhana yakaribia.

Kwanza, akaunti yako na laini yako ya simu ni kama mkono wako. Usiukodishe. Utakasaji wa fedha adhabu yake yafika kifungo cha miaka 14, au faini ya shilingi milioni tano au thamani ya mali hiyo, ipi ni kubwa zaidi, au vyote viwili.

Pili, ukikamatwa, taja jina lako kwa adabu, na omba wakili. Kunyamaza si ujeuri. Usitie sahihi usichokisoma.

Tatu, ukipata barua au amri kuhusu mali, usiiweke kabatini. Ina siku zake. Ipeleke kwa wakili siku hiyo hiyo, na umwulize maswali mawili mbalimbali: la mwili wangu na la mali yangu.

Nne, usichanganye pesa zako na za watu. Za mama ziwe mbali.

Tano, andika. Mirathi, mkopo, mahari, zawadi ya mjomba. Tarehe, kiasi, mashahidi wawili. Anza usiku huu baada ya tarawehe.

Baada ya mada kijana mmoja aliniuliza: "Kama pesa ni halali, kwa nini nihitaji kuthibitisha? Si ni wao wathibitishe?" Nilimjibu, na nalirudia hapa kwa waliokuwa wameshatoka kwenda kutawadha: ni kweli wao ndio wa kuanza. Shirika likija mahakamani mikono mitupu, ombi latupwa. Lakini likileta sababu za maana, mzigo wa kueleza wakujia wewe, kwa kuwa wewe ndiye ujuaye mali ilivyokuingia. Hilo sioni ubaya wake. Ubaya nauona pale anayeuliza anapowaandama wasio na karatasi, akawaacha wenye mafaili ya uwongo.

Namwomba Allah atulishe cha halali, atusamehe tuliyoyala tukijua na tusiyojua, na azikubali saumu zetu. Na mie nanyi mniombee nisitoe tena ushauri nisioujua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.